Kernel Mpya Kwenye Duara la Mohsin

Wachimbaji wote walikuwa juu wakila ugali, lakini spika ya kompyuta ilitoa sauti ya mtu anayehema chini shimoni.

Apolonia alibaki na tonge mkononi. Kazi yake kwenye mgodi huu mdogo wa Kharumwa ilikuwa kusikiliza mwamba. Maikrofoni zilizofungwa chini zilileta milio kwenye kompyuta, na mwamba ukianza kulia alibonyeza king'ora watu watoke. Mumewe, Sostenes, alikuwa miongoni mwa hao watu, kwa hiyo hakuwahi kusikiliza kwa mzaha.

Alimshuku fundi Wiliam wa Shinyanga, bwana mwenye maneno mengi. Maikrofoni mpya zilipoletwa, kompyuta ilizikataa. Programu ya kusikiliza mwamba ilikubali toleo la zamani la mfumo tu, nalo halikuvijua vifaa vya leo. Wiliam akapachika kernel mpya, ile sehemu ya ndani inayoongea na vifaa, akaacha mengine yote yalivyokuwa. "Moyo mpya, mwili ule ule," alijisifu. Kompyuta ikaanza kusikia, tena ikasikia kupita kiasi.

Kuhema kukageuka kugonga, kugonga kukageuka kukwaruza, na harufu ya udi ikajaa ndani ya kontena alimofanyia kazi ilhali hakuna aliyechoma udi, mpaka Apolonia akahisi kitu kimesimama upande wa pili wa spika kikimsikiliza na yeye.

"Tajiri anafuga jini," wachimbaji walinong'ona. "Linataka damu ndipo litoe dhahabu."

Mohsin, mwenye duara, yaani shimo lile la dhahabu, akamgeukia Apolonia. "Mama Ritha, hutaki mumeo ashuke. Si ndiyo?"

"Sikiliza mwenyewe, tajiri."

Akasikiliza. Akatoka bila kuaga.

Kesho yake akaita watu wawili kwa mpigo. Mfumu Nkwabi, mganga wa kienyeji, alizunguka duara akinyunyiza dawa. Wiliam akaiwasha kompyuta upya kwa kernel ya zamani. Spika ikawa kimya. Kila mmoja akadai ni kazi yake, na Nkwabi akaondoka na mbuzi.

"Kwa kernel hii, maikrofoni mpya zinasikia?" Apolonia alimuuliza Wiliam.

"Hazisikii. Lakini si mlitaka kimya?"

Alikimbilia mdomo wa duara. "Baba Ritha, usishuke. Hilo jini halijatoka, tumeziba masikio yetu tu."

"Nikibaki juu watasema najua siri ya tajiri," Sostenes alijibu kwa sauti ya chini, akashika kamba.

Apolonia akarudi kontena huku machozi yakimtoka, akaiwasha kompyuta upya na kuchagua kernel mpya. Ikasikika milio ya nyundo. Kisha, karibu kabisa, sauti ya mwanamke.

"Baba Ritha, njoo huku nyuma ya matimba, kwenye magogo yanayoshikilia mwamba."

Ilikuwa sauti yake Apolonia, na yeye hakuwa amefungua mdomo.

"Kumbe na wewe umeshuka?" Sostenes alicheka kwa mshangao. "Nakuja."

Apolonia akabonyeza king'ora. Wanaume wakaanza kutoka mbio, wamejaa vumbi, naye akasimama mlangoni akiwatazama mmoja mmoja nyuso zao, huku nyuma yake spika ikiendelea.

"Mama Ritha, mbona wenzangu wanakimbia?"

"Waache," sauti ya Apolonia ilijibu. "Wewe njoo."