Kiu ya Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi mshale wa presha kwenye boila ya kuchemshia maji ulikutwa umelala kwenye sifuri, na sakafuni hapakuwa na tone hata moja.

Ormerod, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, alikuwa amekuja mara ya tatu wiki ile ya Januari nyumbani kwa Bi Tahira, kule Bradford. Ghorofani mjukuu wake wa wiki tano alikuwa akikohoa ndani ya mablanketi.

"Maji yanakwenda wapi, fundi?"

"Ndilo ninalotafuta, mama. Boila yenyewe ni nzima. Nimeitenga kwa koki, presha haikushuka. Ubovu uko kwenye mabomba au rejeta."

Akajaza maji upya, kisha akazifunga rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, moja moja, kila mara akisubiri. Mshale ukazidi kushuka. Alipofunga ile ya chumba cha nyuma, ukasimama. Akaifungua, ukashuka tena. Zulia kavu, mbao kavu. Alipoinama na tochi, harufu ya mtu aliyelazwa kitandani miezi mingi ikampanda puani, na ndani ya chuma akasikia kitu ambacho hakikuwa hewa, maana sauti ya hewa aliijua kwa miaka thelathini, bali funda, kisha pumzi, kisha funda jingine, kama mtu anayekunywa kwa pupa akihofia kunyang'anywa kikombe.

Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Mama, humu alilala nani?"

"Mama mkwe," Bi Tahira akanong'ona. "Tulimzika Novemba."

"Aliumwa?"

"Alikuwa akilowesha shuka kila usiku. Nikachoka, fundi. Ikawa jioni simpi maji." Akajiziba mdomo kwa mtandio. "Aligonga bomba hilo kwa pete yake, akiomba. Nilikuwa namsikia."

Bi Tahira akaleta jagi la maji, akaliweka kando ya kitanda, akapiga magoti mbele ya rejeta na kuomba radhi kwa lugha ya kwao, muda mrefu, mpaka sauti ikamkauka.

Chuma kikanyamaza. Fundi akajaza mtambo; mshale ukapanda hadi moja na nusu, ukatulia. Kufika saa kumi jioni nyumba nzima ilikuwa na joto, na mtoto amelala.

"Mtambo umepona," Ormerod akasema akifunga mkoba.

Bi Tahira alikuwa amerudi chumba cha nyuma. Jagi lilikuwa tupu, na katikati ya kitanda, ambacho hakuna aliyekilalia tangu mazishi, doa la maji lilikuwa likitanuka polepole.

Akafungua kabati, akatoa shuka safi.