Mstari wa Kumi na Moja

Jedwali la alama za sayari lilikuwa na mistari kumi: Jua na nukta yake ndani ya duara, Mwezi hilali, Mirihi na mshale wake, hadi Neptuni mwisho kabisa. Jumatatu asubuhi msahihishaji, ambaye kiwanda kizima cha uchapaji kilimwita Bi Wino, alikuta mstari wa kumi na moja. Haukuwa na jina. Ulikuwa na alama tu, imepinda kama ukucha uliokatwa.

Akaizungushia duara jekundu, kama afanyavyo kwa kila kosa, akamrudishia Kipara, mpangaji wa kurasa.

Kitabu kilikuwa cha watoto wa darasa la tano, nakala elfu arobaini, na kilitakiwa mashineni Ijumaa. Bila saini yake chini ya kila ukurasa hakichapwi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa hajampelekea mtoto kosa hata moja.

Ukurasa ukarudi. Ukucha ulikuwa palepale, sasa ndani ya duara.

"Kipara, nilisema ufute, sikusema upambe."

"Nimefuta, dada yangu. Njoo uone mwenyewe."

Kwenye kompyuta mistari ilikuwa kumi kweli. Kipara akachapa mbele yake. Karatasi ikatoka na mistari kumi na moja, ikinuka nywele zilizoungua.

Jumanne Bi Wino akaikata ile alama kwa mstari. Ikarudi na mstari. Jumatano akaikandamiza kalamu kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka mara mbili, na ukurasa uliofuata ulikuja na matundu mawili yamekaa sambamba, yakimtazama.

Kipara aliacha utani. Akazipanga karatasi zote mezani.

"Dada," akanong'ona, "anayelichora hili dude ni wewe. Halina mkono, linatumia wako. Limebakiza jina tu. Usiliguse tena."

"Niwaachie watoto walinakili kwenye madaftari yao?"

Kipara akazikusanya karatasi, akarudi kwenye kompyuta yake.

Alhamisi ukurasa ulikuja safi. Bi Wino alihesabu mistari mara tatu, akainusa karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kumi. Akashusha pumzi, akatia saini.

Wino wa saini ukaanza kutembea, ukapanda ukurasa polepole kama sisimizi waliofuatana, ukafika chini ya Neptuni, na pale palipokuwa patupu ukucha ukajitokeza na duara lake na macho yake, na jina la Bi Wino likakaa kando yake, kwenye nafasi ya jina.

Akakimbia kwa meneja.

"Mama, mimi naona mistari kumi na saini yako," meneja alisema, akiigeuzageuza karatasi. "Umechoka. Tunachapa kesho."

Ijumaa mashine ikaanza kuzunguka, na kila nakala ilipoangukia nyingine, sauti nyembamba, kama ya darasa linalosoma kwa pamoja, ilitamka jina alilopewa na mama yake, jina ambalo hakuna aliyelijua pale kazini, na yeye akaziba masikio, akauma kitambaa, akajiambia asiitike, asiitike, akavumilia nakala ya kwanza, na ya mia, na ya elfu kumi, wakati wenzake wakipita na vikombe vyao vya chai bila kusikia lolote, mpaka jua likainama dirishani na mwili wote ukamwishia nguvu, na zilikuwa bado nyingi.

"Abee," akasema.

Mashine ikanyamaza.