Siku ya Tatu ya Muasya

Saa hiyo Muasya alifaa kuwa hospitalini, amelala kando ya mashine ya kusafisha damu.

Mkewe, Mwelu, akampata sokoni Kiamaiko... ameshikwa mkono na mwanamke mwingine.

Jameni! Karai la matumbo ya mbuzi lilitaka kumponyoka. Alikuwa ametoka kuyanunua akapike, auze mtaani Shauri Moyo kama kawaida.

Hakupiga nduru. Nguvu za kugombana angezitoa wapi? Tangu figo za Muasya zilipokufa, ni yeye anayempikia bila chumvi, anayempimia maji ya kunywa, anayempokea mlangoni akirudi hoi. Mashine ilikuwa siku mbili kwa wiki. Daktari alipopendekeza ya tatu, Mwelu alikubali kabla Muasya hajafungua mdomo.

"Kumbe mashine yako iko huku?" akauliza.

Muasya akainamisha kichwa. Mwanamke ndiye aliyejibu.

"Dada, naitwa Leyla. Tunasafishwa damu chumba kimoja. Nilikuwa namsihi arudi hospitalini."

Leyla akaeleza kwamba yeye mwenyewe aliomba aongezewe siku ya tatu. Imemrudishia pumzi, sasa analala bila kukosa hewa. Lakini Muasya hajaenda hata mara moja. Siku hiyo ikifika, anakuja kukaa hapa, kwenye kibanda cha chai cha Leyla.

"Mbona ukanificha?" Mwelu alimuuliza mumewe.

"Ungenisikia?" Muasya akasema polepole. "Nikitoka pale, siku hiyo imeisha. Kesho yake niko nusu mtu. Ukiongeza nyingine, nitaishi lini, Mwelu? Heri wanilaze kwenye mashine saa nyingi zaidi, siku zile zile mbili."

Mwelu akakaa kwenye benchi. Akaliweka karai chini, akamwambia waende kwa daktari.

Walienda kwa daktari pamoja. Akawaambia wazi kwamba kuongeza saa si sawa na kuongeza siku, hatari bado ipo. Ila kutoroka ni hatari zaidi. Kisha akamuuliza Muasya anataka nini, na safari hii Mwelu akanyamaza.

Muasya akarudia: siku mbili, saa nyingi zaidi. Inawezekana, daktari akasema. Hata mwanzo ingewezekana... ila hakuna aliyeuliza.

Siku hizi, akienda kwenye mashine, Muasya anarudi jioni kabisa, amechoka vilevile. Lakini siku zake nzuri yuko sokoni Kariokor, anashona viatu. Na hajakosa mashine tena.

Wewe unayeuguza mtu wako, najua umechoka. Lakini usimsemee. Muulize, kisha ungoje jibu, hata kama litakuuma.