Nguo Zilizotangulia Doha

Jumapili moja ya Julai, juu ya paa la maegesho kule Rosebank, Johannesburg, ambako soko hujaa mpaka watu wanapita ubavuubavu, Enos alisimama mbele ya meza ya vitenge na kuuliza jambo ambalo Emérite hakuwahi kuulizwa na mteja yeyote.

"Samahani dada, unaweza kumshonea joho mtoto ambaye hujamwona?"

Emérite aliinua macho. Alivaa sweta la rangi ya haradali juu ya gauni la kitenge, na sindano tatu zilikuwa zimechomekwa kifuani. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti jeusi la ofisini na miwani iliyogandishwa kwa gundi upande mmoja.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Mitatu. Na sita. Na tisa. Wako ishirini na wanne."

"Eish. Na mke wako anasemaje?"

Joséline, mwenye meza hiyo, alicheka mpaka akajishika kiuno. Enos naye akacheka, kisha akaeleza. Alifanya kazi Midrand, katika kampuni inayotengeneza vitu vya maonyesho vya majumba ya makumbusho. Safari hii walikuwa wanatengeneza kona ya familia kwa ajili ya makumbusho moja huko Doha, Katari. Lingekuwepo hema la manyoya ya mbuzi kama la wafugaji wa jangwani wa zamani, na watoto wangevaa nguo za enzi hizo, wakae ndani na kujimiminia kahawa ya kujifanya.

"Wewe Mkenya," Emérite alisema.

"Umejuaje?"

"Unaomba samahani kama askari wa barabarani."

"Na wewe?"

"Burundi. Lakini Kiswahili changu kimekulia Kigoma."

Hakuongeza kwamba kilikulia katika kambi ya wakimbizi. Alikuwa na miaka thelathini na moja, tisa kati yake ameishi Johannesburg, na alikwisha kujifunza kuishia hapo.

Kazi ile ilichukua wiki tisa. Enos alifika La Rochelle, mtaa wa kusini mwa jiji, kwenye chumba cha Emérite cha kupanga nyuma ya duka la matairi, akiwa na picha za majoho yenye ukingo wa dhahabu, kanzu nyembamba, na shela za wasichana zenye nakshi kidevuni. Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya vipimo. Mara ya pili alikuja kuangalia rangi. Mara ya nne hakuwa na sababu, akaleta machungwa.

"Umekuja kukagua nini leo?" Emérite alimuuliza, cherehani ikiendelea kukimbia.

"Fundi."

"Fundi hana kasoro."

"Basi nitakaa hapa nitafute."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Walikula chipsi na soseji garini kule Rosettenville madirisha yakiwa yamefungwa kwa baridi, na Enos alimwita Eme, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitumia. Nyumba ya Enos ya kupanga kule Midrand ilikuwa na vyumba vitatu na sufuria mbili. Kila Ijumaa jioni alikuwa akizungukazunguka kwenye maduka makubwa ili asikie sauti za watu. Emérite naye alizoea kuacha redio inaongea Kizulu tangu asubuhi, asielewe nusu ya maneno. Hawakuwahi kuambiana mambo hayo, lakini kila mmoja aliyaona kwa mwenzake.

Mwezi wa kumi nguo zilipakiwa, na Enos akaondoka nazo kwa miezi minne ya kusimika maonyesho.

Ijumaa alasiri familia hujaa makumbusho ya Doha, na Enos alikuwa akimpigia Emérite kwa video na kutembea naye ukumbi hadi ukumbi. Alimwonyesha mikufu ya lulu, mitego ya samaki, Kurani ndogo inayotosha kiganjani. Alimwonyesha soko la vipanga, ambako ndege wamefunikwa macho kwa vikofia vya ngozi.

"Na hao vikofia vyao nani anashona?" Emérite aliuliza akiwa kitandani, blanketi mabegani.

"Nikuulizie kazi?"

"Uliza. Waambie nina uzoefu wa vichwa vigumu."

Siku kona ya familia ilipofunguliwa, alimwonyesha watoto ndani ya hema. Mmoja alivaa joho lililoburuta chini, akatembea kama waziri. Emérite alimfuata kwa macho. Kisha akaweka simu uso chini juu ya blanketi, Enos akabaki kuona giza.

"Eme? Uko?"

"Nipo, chéri, mpenzi wangu. Mtandao."

Desemba Enos akapata wazo. Alikata tiketi kabla ya kumuuliza. Siku nne za Januari. Alhamisi hema, Ijumaa soko la vipanga, Jumamosi matuta ya mchanga mahali bahari inapoingia jangwani, Jumapili kijiji cha utamaduni.

"Ni masaa manane tu," alisema kwa furaha. "Unapanda jioni, unaamka huku. Nitumie picha ya pasipoti tushughulikie viza."

Emérite alipunguza sauti ya redio.

"Nitashughulikia mwenyewe," Emérite alisema. "Kuna wakala Randburg, namjua."

Pasipoti hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Alichokuwa nacho ni karatasi ya mwomba hifadhi, iliyokunjwa mpaka mikunjo yake ikageuka myeupe, na karatasi hiyo ilimruhusu kuishi Afrika Kusini alimradi asitoke. Akivuka mpaka, ombi lake la miaka tisa limekufa. Alikusudia kumwambia Enos kesho yake. Kesho yake Enos alimtumia picha ya chumba cha hoteli chenye dirisha linalotazama maji, na Emérite akaahirisha. Wiki iliyofuata alipoulizwa kuhusu viza, alijibu kwamba imetoka.

Jumatano ya safari alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akapakia sanduku, akaenda uwanja wa ndege. Mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini. Alisimama mbali na foleni akitazama watu wanavyokumbatiana, wanavyopima mabegi, wanavyotoa vitabu vidogo mifukoni bila hata kuvitazama. Ndege ilipoitwa mara ya mwisho, alilivuta sanduku mpaka nje akarudi La Rochelle. Simu aliizima ndani ya treni ya kurudi.

Alhamisi Enos alisubiri uwanjani Doha asubuhi nzima na maua yaliyofungwa kwa karatasi. Alipiga simu mara kumi na saba. Saa sita mchana aliandika: "Kama hukutaka kuja, ungesema tu." Kisha, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, akaenda makumbusho. Alikuwa ameomba watembezwe na Suhaib, mtembeza wageni aliyezoeana naye, na Suhaib alikuwa mlangoni amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na tabasamu tayari.

"Yuko wapi mgeni wetu?"

"Hakuja."

Suhaib aliangalia maua, akaangalia pembeni. "Basi twende sisi."

Walitembea. Kumbi zilikuwa zimejaa baba na mama na vigari vya watoto, bibi waliokaa kwenye mabenchi na viatu wamevivua. Kwenye kona ya hema, msichana wa miaka kama mitano alikuwa anahangaika na shela iliyomzunguka shingoni. Enos alipiga magoti kumsaidia, na ndani ya upindo akaona mshono mdogo wa uzi wa kijani. Alama hiyo Emérite aliiweka kwenye kila nguo, mahali ambapo mtu hawezi kuiona asipotafuta. Mtoto alikimbia. Enos alibaki amekaa ndani ya hema, akijifanya anakagua taa, mpaka mlinzi alipokuja kusema wanafunga.

Ijumaa alikwenda soko la vipanga peke yake. Jumamosi, katika gari la watalii, familia moja ya Wahindi ilimwomba awapige picha juu ya mchanga, naye akawapiga picha nyingi kuliko walivyoomba. Jumapili hakutoka chumbani. Siku hiyo ndipo alipopokea simu ya Joséline.

"Shemeji, nisikilize usinikate. Emérite hana pasipoti."

"Alisema viza imetoka."

"Alisema. Hana pasipoti, ana karatasi ya kuomba hifadhi. Akitoka nayo nje, hawezi kurudi. Jumatano alienda airport kusimama tu, na sanduku. Tangu arudi hajaja sokoni."

Enos alikaa ukingoni mwa kitanda. Yalimrudia maneno yake mwenyewe, masaa manane tu, na jinsi alivyoyasema kwa wepesi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Wewe ulimuuliza lini? Ulimtumia tiketi."

Alirudi Johannesburg katikati ya Februari, na kutoka uwanjani alikwenda moja kwa moja La Rochelle. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Emérite alifungua mlango akiwa na tepu ya kupimia shingoni, amekonda usoni. Hakushtuka wala hakumkaribisha, alisogea tu kando ili apite.

"Nisamehe," Enos alisema kabla hajakaa.

"Mimi ndiye niliyedanganya."

"Mimi ndiye niliyekata tiketi bila kukuuliza. Lakini Eme, ningejua..."

"Ungejua ungefanyaje? Ungenionea huruma." Alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Ulipokuwa unaingia hapa na machungwa yako, ulikuwa unamfuata fundi. Katika mji huu wote, ni kwako tu nilikuwa fundi na basi. Kwingine kote naanza na karatasi."

"Bado wewe ni fundi. Makumbusho wamenipigia kuulizia nguo nyingine."

Emérite nusura atabasamu. Enos akamweleza lililobaki: kampuni inataka arudi Doha kwa miaka miwili, na jibu linatakiwa Ijumaa.

"Sijawajibu. Safari hii nimekuja kuuliza kwanza."

"Nenda," Emérite alisema, haraka mno. "Ni kazi nzuri. Mimi sina shida, nimezoea."

"Una uhakika?"

"Hakuna shida, chéri."

Enos alisimama, akamgusa shavu, akatoka. Gari lilikuwa limefika kwenye roboti ya pili, taa za kuongozea magari, nayo ilikuwa nyekundu, simu ilipoita.

"Umefika wapi?" Emérite aliuliza.

"Kwenye roboti."

"Nimekudanganya tena. Sijazoea. Mtu hazoei." Alivuta pumzi. "Tangu nitoke nyumbani sijawahi kumwomba mtu abaki. Sijui hata inasemwaje."

"Sema tu."

"Baki, Enos."

Taa ikawa ya kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Enos aligeuza gari pale pale, mahali pasiporuhusiwa kugeuza.

Mwezi wa nne Emérite aliitwa kuhojiwa Pretoria. Walifika saa kumi na mbili asubuhi, wakapanga foleni pamoja na Wakongo, Waethiopia na Wasomali waliojifunika mablanketi, na Enos alikuwa amemshikia bahasha ya nyaraka ndani ya koti isilowe. Hakuna aliyejua wangejibiwa nini, wala lini. Viza ya Enos mwenyewe ilikuwa imebakiza mwaka mmoja, na wote wawili walilijua hilo.

Karibu na saa tano ofisa alitoka mlangoni na kusoma jina lake, akilitamka vibaya. Wakasogea wote wawili. Ofisa akainua mkono.

"Ni mwombaji peke yake anayeingia. Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake," Enos alisema.

Neno hilo walikuwa hawajawahi kuambiana. Emérite alimgeukia, akanyoosha mkono na kuichukua bahasha.

"Ni kweli," alimwambia ofisa. "Ananisubiri."

Kisha akaingia ndani.