Kivuli cha Meru na Kivuli cha Gachoka

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Gatakaa alibeba ndoo ya maji hadi chini ya mkwaju ulio mbele ya nyumba yake. Alinywesha kangaga zake, yale majani laini yanayopenda kuota kando ya vijito. Alizitoa kwao Kinoru, Meru, akazifunga kwa gazeti lililoloweshwa. Na kila asubuhi alikuta nyingine zimekauka.

“Mama Mugendi, hata mimi sinyweshwi chai hivyo,” mumewe, Nyamu, alimtania.

Gatakaa hakucheka. Mama yake angekuja baada ya wiki tatu kumwona mjukuu wake, Mugendi. Tangu Gatakaa aolewe huku Gachoka, Mbeere, mama huyo hakuwahi kulala huko hata usiku mmoja.

“Huko kwenu ni jua tupu,” alisema kwenye simu. “Nitafika asubuhi, nirudi jioni. Kwani mtu ataketi wapi?”

Maneno hayo yalimchoma Gatakaa. Alitaka bustani ya kivulini, ya kumfanya mama yake akae.

Siku hiyo Mukami, jirani anayeuza miche karibu na soko, alipita kumjulia hali. Aliinama, akagusa jani la kangaga. Likamvunjikia mkononi.

“Pole. Hii kwao ni wapi?”

“Kwao? Ni mmea, Mukami, si mgeni.”

“Ni mgeni kabisa! Mtu akija hapa, si tunamuuliza kwao ni wapi ndio tujue anakula nini? Mmea pia uulize.”

“Kwao ni Meru. Na nimeiweka kivulini, vile ilikuwa huko. Kivuli si kivuli?”

Mukami alicheka. “Kivuli cha Meru kina ukungu. Majani yanalowa asubuhi bila wewe kumwaga maji. Hapa kwetu jua haliingii, sawa, lakini upepo ni moto na hewa ni kavu. Hata ukimwaga maji kwa mizizi, majani yanakaushwa na upepo. Tafuta mmea ambao kwao kuna kivuli kikavu kama hiki.”

“Nitautoa wapi?”

“Si ule pale?” Mukami alionyesha kando ya uzio.

Gatakaa alitazama, akaona aibu. Ilikuwa mimea ya majani marefu, magumu, yenye madoadoa. Zamani watu wa Mbeere walitoa nyuzi zake wakasokota kamba. Mwezi uliopita aliing'oa mwenyewe chini ya mkwaju ili kangaga zipate nafasi, akaitupa huko, mizizi ikitazama juu. Bado ilikuwa hai. Tena ilikuwa imechipua!

“Aki mimi!” Alishika kichwa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Waliirudisha jioni hiyohiyo. Mukami alileta pia mche wenye majani yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta.

“Huu kwao ni misitu mikavu ya pwani yetu,” alisema. “Una kiazi chini. Hicho ndicho tangi lake la maji.”

Walitandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee haraka.

“Mwagia leo,” Mukami alieleza. “Halafu ingiza kidole kwa udongo. Kama bado kuna unyevu, ngoja. Hii mimea ukiipenda sana utaiua. Maji mengi yanaiozesha.”

Wiki tatu zikapita. Mama alifika Jumamosi asubuhi, akapangusa vumbi usoni, akaketi chini ya mkwaju. Kila upande palikuwa na majani mabichi. Alikunywa chai, akaongeza kikombe cha pili. Chakula cha mchana kikamkuta palepale.

“Nipe hii ya madoadoa nikapande Kinoru,” alisema.

“Mama, kwenu kuna baridi na mvua nyingi. Ukiipanda nje itaoza. Iweke kwenye chungu chini ya paa, na usiimwagie kila siku.”

“Haya, mwalimu,” mama akasema, na Gatakaa akafurahi kupita kiasi.

Saa kumi Nyamu alikuja. “Mama, boda boda imefika ikupeleke steji.”

Mama hakuinuka. Alimpakata Mugendi vizuri zaidi.

“Mwambie aende,” alisema. “Arudi Jumatatu.”

Gatakaa alikimbia ndani kumtandikia kitanda, huku akiimba.