Kikohozi cha Orpa

Orpa alikohoa mara mbili, na papo hapo Théophile akafunga bomba la kioo lililokuwa likidondosha dawa. Ndani ya glasi maji mekundu ya asidi yalikuwa yamegeuka manjano. Yeye hakuona kitu. Machoni mwake rangi hizo ni mapacha, na kwa miaka miwili mchumba wake ndiye aliyekohoa ili ajue pa kukomea.

— Orpa, kifua yako haiko bien, alisema chef Adolphe, mkuu wa labo, maabara ya kiwanda, akiwa nyuma yao. Ni ile moshi ya acide. Kuanzia lundi utaenda ku magasin ya vifaa, utagawa ba gants ya mikono.

— Chef, minye siko mugonjwa.

— Karatasi ya kukuhamisha nimeshaandika, lundi utasaini.

Orpa akamtazama Théophile. Mwanaume mzima akajifanya anaandika.

Jioni hiyo, nyumbani kwao mtaa wa Kikula, Orpa hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa, akafua nguo safi. Ujumbe wa Théophile ukaingia:

"Vumilia, chérie. Nikisema, banafukuza minye. Ingénieur asiyeona rangi, nani atamukamata ku kazi?"

Akajibu: "Na minye? Nilisoma chimie juu nigawe ba gants?"

Simu ikalia. Aliyepiga simu ni Emmanuella, dada mkubwa wa Théophile.

— Orpa, usikasirike. Tunasikia uko na mugonjwa ya kifua. Siku ya kuleta dot, mali ya ndoa, tuirudishe nyuma kwanza, mupaka upone.

— Nani alisema?

— Bantu ba ku kazi. Tuliuliza Théo, akanyamaza tu.

Hapo moyo ukamchoma kweli. Kukohoa akohoe kwa ajili yake, halafu huyo huyo aache aitwe mgonjwa! Aliamua: akisaini ile karatasi, na uchumba ameutupa.

Jumatatu asubuhi alikuwa ameshashika kalamu ofisini kwa chef, Théophile akaingia bila kubisha.

— Chef, asisaini. Orpa haiko mugonjwa. Ni minye siwezi kuona rangi. Alikuwa anakohoa juu nisimame.

Adolphe akavua miwani.

— Miaka mbili?

— Miaka mbili, chef.

— Mama Orpa, toka inje. Weye, kamata pH-mètre, unipimie échantillon tatu ya asidi, peke yako.

Kifaa hicho hupima ukali wa asidi na kutoa namba tu, hakina habari na rangi. Kilikuwa kabatini siku zote. Watu hawakukipenda kwa kuwa kinachelewesha kazi.

Orpa alizunguka koridoni mpaka miguu ikauma. Hakujua hata anaombea nini. Mara Théophile akatoka, shati limelowa jasho.

— Namba zangu na za chef zinalingana. Lakini anarudisha minye kuwa stagiaire, mutu wa kujifunza kazi, miezi sita, na vipimo vyote nirudilie. Weye unabaki labo.

— Njo vizuri.

— Umenisamehe?

— Ya kazi, ndiyo. Ya kwenu, bado.

Alielewa. Akatoa simu, akampigia dada yake, akafungua sauti ili Orpa asikie.

— Yaya Emmanuella, Orpa haiko na mugonjwa. Ni macho yangu, tangu kuzaliwa. Nilinyamaza juu nilisikia haya.

Emmanuella akapunguza sauti.

— Na yeye alijua?

— Tangu mwanzo.

— Basi muulize kama angali anakutaka. Sisi njo tulikuwa tunamukataa.

Théophile hakuthubutu kuuliza. Orpa akaichukua simu mkononi mwake.

— Muje na dot siku ya samedi, yaya. Lakini mbele ya papa wangu atasema ya macho yake yeye mwenyewe. Minye nitanyamaza.

Théophile akaitikia kwa kichwa.