Manyoya Chini ya Kiota

Sokoni mjini Tartu, mbele ya meza ya samaki wa moshi, Eerika aligeuka na kikapu chake akamgonga kifuani mtu aliyekuwa akimkwepa wiki nzima. Taniel huyo, koti la kijivu limenyooshwa pasi, mkononi maua manne mekundu ya dalia.

"Hupokei simu," Eerika alisema.

"Nikipokea utaniambia nini? Kwamba jioni nisisimame mbele ya watu?"

"Ndiyo. Usisimame."

Mama muuza samaki aliacha kufunga karatasi.

Jioni hiyo Taniel angetangaza kwamba amepata jozi safi, dume na jike wote tai-madoa wakubwa, ndege ambao Estonia wamebaki wa kutafutwa kwa tochi. Akikosea mbele ya mabingwa wa ndege, nani atamwamini tena? Na Eerika, aliyepima damu ya kinda la kiota hicho, alijua amekosea.

"Manyoya yote niliyookota chini ya kiota ni ya tai-madoa mkubwa," Taniel alisema. "Uliyapima mwenyewe."

"Ni ya mama, mpenzi. Jike hupukutisha manyoya akiwa ameatamia. Dume huyaacha huko anakowinda. Umemwokota mke ukamhesabia na mume."

Taniel alivuta kola ya koti.

"Baba ni tai-madoa mdogo," Eerika akaongeza taratibu. "Kinda ni chotara."

"Na mkubwa wako wa kazini ameshajua?"

"Sijamwambia mtu. Nilitaka usikie kwangu kwanza."

Masikio ya Taniel yaliiva. "Nilidhani unataka kuninyang'anya kiota."

"Nikiweke wapi, chumbani kwangu ghorofa ya nne?"

Muuza samaki alicheka, akajitia kukohoa.

"Sasa nikaseme nini?"

"Sema kweli. Tai hao wa aina mbili bibi yao mmoja. Walitengana zamani mno, kila ukoo ukashika njia yake, umbo lake, mlio wake. Leo wakikutana kinamasini bado wanajenga nyumba. Hujaona kwamba hiyo ndiyo habari?"

"Utasimama nami?"

"Kwa maua manne? Kwetu idadi shufwa ni ya kaburini, Taniel. Unamzika nani?"

Taniel aliyatazama kana kwamba amewekewa na mtu mwingine. "Yalikuwa yako. Niliyachukua bila kuhesabu, halafu nikaogopa kuja." Akachomoa moja, akampa muuza samaki. "Na lile nililokuuliza mwezi uliopita, jibu lipo?"

Eerika aliyapokea yale matatu, akayalaza kikapuni juu ya samaki aliowanunua.

"Twende kwanza ukaseme ulikosea. Mwanamume anayeweza kusema hivyo mbele ya watu, huyo nitaolewa naye."

Wakatoka wameshikana mikono, wote wawili wakinuka moshi.